Mkono Uanze, Moyo Utafuata

Wadogo zangu, leo maswali yenu ya mawifi na wachumba tuyape mapumziko kidogo, tuongelee viporo. Viporo vya kazi. Lile jambo ambalo unajua kabisa linakusubiri, muda unao, uwezo unao, na bado kila ukilikaribia unakumbuka ghafla kwamba jokofu halijasafishwa.

Kila mtu ana la kwake. Yupo mwanafunzi wa mwaka wa mwisho ambaye utafiti wake umeishia kwenye jalada: jina lake, namba ya usajili, jina la msimamizi, basi. Yupo fundi cherehani mwenye mfuko uliojaa vitambaa vya watu, simu ikiita anaitazama mpaka inakata. Yupo mwenye duka ambaye hajapiga hesabu ya mzigo tangu Ramadhani. Yupo mama anayepaswa kufuatilia cheti cha kuzaliwa cha mtoto, na mtoto mwenyewe sasa anajua kusoma na kuandika, anamuuliza, "Mama, cheti changu kiko wapi?"

Acheni kujiita wavivu

"Dada, mimi ni mvivu sana." Hilo ndilo neno la kwanza mnalojipachika. Hapana. Mvivu namjua: analala usingizi wake wote, anaamka ametulia. Wewe hulali. Unashinda na kazi kichwani kutwa nzima, jioni umechoka kuliko aliyeifanya, na kazi iko palepale. Halafu hebu tazama unachofanya ukiwa unaikimbia: unafua mapazia, unapanga kabati, unapika pilau siku ya Jumanne bila mgeni wala sherehe. Mvivu gani huyo?

Wanasaikolojia wawili, Fuschia Sirois na Timothy Pychyl, walilieleza jambo hili vizuri mwaka 2013. Kwa maelezo yao, anayeahirisha anajaribu kuutuliza moyo wake wa sasa hivi. Kazi ikiwa mbele yake inamletea kero, woga au aibu. Akiisogeza mpaka kesho, anapata nafuu papo hapo. Nafuu hiyo ni ya kweli, ndiyo maana tunaifuata tena na tena. Gharama anaachiwa yule mtu wa wiki ijayo, ambaye ni wewe mwenyewe, ukiwa na siku chache zaidi na aibu nyingi zaidi.

Mchukueni fundi wetu. Kushona anajua, tena sana. Anachokiogopa ni kile kitambaa cha satini kinachoteleza chini ya mkasi, cha mteja aliyemwonyesha mshono mgumu kwenye simu. Siku ya kwanza alikiogopa kitambaa tu. Akamwambia mteja, "Njoo Ijumaa." Ijumaa ikafika, akasema, "Njoo Jumatatu." Sasa akikiona kile kitambaa haioni satini tena, anauona uso wa mwenye nacho. Kila siku inayopita inaongeza kitu kingine cha kuogopa, ilhali gauni ni lilelile, mita zilezile tatu.

Mwanafunzi naye vivyo hivyo. Ujumbe wa msimamizi, "Umefikia wapi?", umekaa kwenye simu bila kufunguliwa, zisije zikatokea zile tiki mbili za bluu. Siku mbili za kwanza angeweza kujibu kwa sentensi moja. Mwezi ukishapita anaona hawezi kujibu bila kuambatanisha sura nzima. Sura hana. Basi anazidi kunyamaza.

Wengine mmejificha nyuma ya methali. "Dada, haraka haraka haina baraka." "Dada, mwenda pole hajikwai." Sawa, lakini huyo mwenda pole anakwenda! Aliyekaa kitako barazani akiitazama njia wazee walimwekea methali yake: ngoja ngoja huumiza matumbo.

Hata jambo dogo hukua

Msidhani tatizo ni ukubwa wa kazi peke yake. Kule Kenya mlipa kodi ana muda tangu Januari mpaka tarehe 30 Juni kuwasilisha ritani ya mwaka uliopita. Mwenye namba ya kodi asiye na kipato anawasilisha ritani ya sifuri, shughuli ya dakika chache kama anaikumbuka nywila yake. Hata hivyo, kila mwaka siku za mwisho za Juni watu hujazana kwenye vituo vya huduma, mtandao unakuwa mzito, na anayepitwa na tarehe anajitafutia faini ya kuanzia shilingi 2,000.

Hapa Tanzania hamjasahau habari ya laini za simu. Usajili wa alama za vidole ulianza Mei 2019, mwisho ukapangwa uwe 31 Desemba, ukasogezwa hadi 20 Januari 2020, na bado siku za mwisho foleni zilikuwa za kuamkia alfajiri. Wapo waliokuwa na sababu ya haki, namba zao za kitambulisho cha taifa (NIDA) zilichelewa kutoka. Lakini wapo waliokuwa na namba tangu zamani, kilichobaki ni kwenda kuweka kidole tu.

Ndivyo ilivyo: jambo la dakika tano likiachwa linajiongezea foleni, nauli, faini na ugomvi, mpaka linakula siku nzima. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Hatua ndogo ni ipi hasa?

Nikimwambia mtu "anza kidogo kidogo" ananiitikia, "Sawa dada," kisha anakwenda kuandika kwenye daftari: *Kuandika sura ya pili.* Mdogo wangu, huo ni mzigo uleule, umeuandika upya kwa mwandiko mzuri. Hatua ndogo ina kitendo cha mkono ndani yake: fungua, toa, pima, kata, piga simu, andika. Kipimo chake ni hiki: mkono uweze kuimaliza kabla moyo haujamaliza kulalamika. Ukiona bado unasitasita, ipunguze tena.

Turudi kwa fundi. "Kushona gauni la satini" afute. Aandike hivi: Toa kitambaa mfukoni. Tafuta karatasi ya vipimo, ibane kwenye kitambaa kwa pini. Kipige pasi. Kwa kuwa kinateleza, tandika karatasi nyembamba chini yake, vibane vyote viwili kwa pini ili uvikate pamoja. Chora kipande cha mgongo kwa chaki, mgongo tu. Kikate. Baada ya hapo aende zake akanywe chai kama anataka. Akirudi atakuta mezani kuna gauni lililoanza, na gauni lililoanza halitishi kama mfuko uliofungwa fundo.

Mwanafunzi naye aiache sura ya pili jinsi ilivyo, achukue makala moja. Moja tu. Aisome, kisha aandike sentensi tatu kwa maneno yake mwenyewe: mwandishi alitafuta nini, alitafuta kwa njia gani, alipata nini. Akiweza aongeze ya nne: haya yanahusiana vipi na swali langu? Afunge kompyuta. Kesho makala nyingine. Akifikisha makala ishirini ana malighafi ya kutosha kujenga sura, na hakukesha hata usiku mmoja akinywa kahawa chungu huku akiogopa kudisko.

Mwenye duka aanze na rafu moja, ile ya sabuni. Mama wa cheti atafute ile karatasi ya tangazo la kizazi aliyopewa hospitali, aitie kwenye bahasha pamoja na nakala ya kitambulisho chake, aiweke bahasha ndani ya mkoba anaotoka nao kila siku. Kwenda ofisini ni hatua ya kesho.

Nyote mmewahi kuwasha jiko la mkaa. Hakuna anayewasha gunia. Unapanga vipande vichache juu ya kifuu kinachowaka, vikishika moto unaongeza vingine juu yake, navyo vinapokea. Anayelimwaga gunia zima juu ya njiti moja ya kiberiti analala njaa, na ndicho mnachofanya mnapokaa mkitaka kuumaliza utafiti wote wikiendi moja.

Tena kuna siri katika kuanza. Mwaka 1928 Maria Ovsiankina, mtafiti aliyekuwa Berlin, alichapisha majaribio ambamo watu walipewa vijikazi, kisha wakakatizwa katikati. Walipoachwa huru, wengi walivirudia wenyewe, bila kuambiwa na bila ahadi ya malipo. Kazi uliyoigusa inakuita uirudie. Ile ambayo hujaigusa inakutisha tu. Ndiyo maana nasema msingoje kujisikia kufanya. Hamu huja mkono ukishaanza.

Kujiandaa si kuanza

Hapa wengi mnanizunguka. Mnanunua daftari jipya. Mnachora ratiba yenye rangi nne, kijani ya kusoma, nyekundu ya mapumziko. Mnaweka bando na kutazama video za mtu anayefundisha namna ya kuacha kuahirisha, saa mbili zinapita. Mnafuta vumbi mezani, mnapanga kalamu. Yote hayo yana harufu ya kazi, lakini kazi haimo.

Jiulize hivi: nikisimama sasa hivi, kuna kitu kwenye kazi yenyewe ambacho asubuhi hakikuwepo? Sentensi? Kipande kilichokatwa? Rafu iliyohesabiwa? Kama hakuna, ulikuwa unajiandaa. Maandalizi yanayohitajika kweli yape dakika tano, kisha shika kazi.

Saa, mahali na shahidi

"Nitafanya kesho" haina saa wala mahali. Peter Gollwitzer na Paschal Sheeran walikusanya majaribio 94 na kuyachambua mwaka 2006; wakaona kuwa mtu anayepanga kwa namna ya "jambo fulani likitokea, nitafanya hiki" anafanikisha zaidi kuliko mwenye nia njema peke yake. Kwa hiyo ifunge hatua yako kwenye kitu ambacho tayari kipo kwenye siku yako. "Nikishaswali alfajiri, kabla sijashika simu, nitakaa kwenye meza ya chakula niandike sentensi tatu." "Nikishafunga mlango wa duka, kabla sijavua ndala, nitahesabu rafu moja." "Nikishamtoa mtoto kwenda shule, nitachora mgongo wa gauni." Saa ya ukutani unaweza kuipuuza. Adhana, chai ya asubuhi na kufunga duka vinakuja tu, utake usitake.

Simu iache chumba kingine. Sisemi izime, wengine mna wazazi wagonjwa. Iache mahali ambapo ukiitaka lazima usimame. Hatua mbili tatu za kuifuata zinatosha kukuzindua.

Kuhusu muda, Mwitaliano Francesco Cirillo akiwa mwanafunzi miaka ya 1980 alichukua saa ya jikoni yenye umbo la nyanya, akawa anafanya kazi kwa vipindi vifupi na kupumzika katikati. Njia hiyo leo inatumika duniani kote, kipindi kimoja dakika 25. Kama 25 zinakutisha, weka kumi. Zikiisha na unataka kuendelea, endelea. Ukitaka kuacha, acha kwa amani, umetimiza ahadi.

Na unapoacha, acha vizuri. Mwandishi wa Marekani Ernest Hemingway alikuwa na desturi ya kusimamisha kazi ya siku akiwa bado anajua kitakachofuata, ili kesho yake asianze na karatasi tupu. Igeni hilo. Kabla hujainuka, andika kwenye kijikaratasi hatua inayofuata: "Kata mbele, upande wa kulia." "Makala ya pili, ukurasa wa 4." Kesho ukija hutakuwa na la kujiuliza.

Jambo la tatu ni shahidi. Wangapi humu ndani mko kwenye kikoba? Mbona hisa mnanunua kila wiki bila kukosa, na mkiwa peke yenu hata elfu mbili haikai kwenye kibubu? Kipato ni kilekile. Kwenye kikoba siku inajulikana, kiasi ni kidogo, na kina mama wenzako wanakutazama. Basi ifanyieni kazi yenu kikoba chake. Tafuta mtu mmoja, mkubaliane kila siku saa tatu usiku kutumiana picha: wewe ya kitambaa kilichokatwa, yeye ya ukurasa alioandika. Chagua mtu atakayekuuliza kwa upole, maana ukichagua wa kukusema utaanza kumkimbia na yeye.

Kama tayari umeharibu

"Dada, mimi nimeshachelewa miezi." Ninajua. Na najua umeshajitukana vya kutosha, tena haikusaidia. Mwaka 2010 Michael Wohl, Timothy Pychyl na Shannon Bennett walichapisha utafiti uliowafuatilia wanafunzi wa chuo kikuu kwenye mitihani miwili. Walioahirisha kujisomea mtihani wa kwanza kisha wakajisamehe, walipunguza kuahirisha ulipokuja wa pili. Inaeleweka: kama kazi inakukumbusha ubaya wako kila ukiitazama, utazidi kuikimbia. Jisamehe ili uweze kuikaribia.

Halafu vunja ukimya. Kwa msimamizi, ujumbe mfupi tu: "Shikamoo Dokta. Naomba radhi kwa kukaa kimya muda mrefu. Nimeanza tena, Ijumaa nitakuletea kurasa mbili za sura ya kwanza, naomba unielekeze kama niko kwenye njia." Usieleze ugonjwa ambao hukuumwa, usimzushie kifo bibi aliye hai. Kwa mteja: "Dada yangu, gauni lako limechelewa na kosa ni langu. Jumatano saa kumi njoo kujaribisha." Aibu uliyoibeba wiki nzima inaisha ukishabonyeza kitufe cha kutuma. Akifoka, atafoka mara moja.

Ila hiyo siku unayomtajia iwe ya kweli. Mwaka 1994 Roger Buehler na wenzake waliwauliza wanafunzi wa chuo kikuu waliokuwa wakimalizia tasnifu watachukua siku ngapi. Kwa wastani walikisia siku 34 hivi. Walitumia zaidi ya 55. Mafundi, mmesikia? Ukiona moyoni kwamba gauni ni la siku mbili, mwambie mteja siku nne. Umeme utakatika, bobini itasumbua, mtoto atapata homa. Ukimaliza mapema atakusifia mtaa mzima.

Si kila kuchelewa ni kuahirisha

Nisiwapakie wote kwenye gari moja. Yupo binti anayetoka kazini saa kumi na mbili, anapika, anaosha vyombo, anawaogesha wadogo zake, saa nne usiku ndiyo anafungua daftari na kusinzia juu yake. Mdogo wangu, wewe huahirishi kitu, umeelemewa. Wewe unachohitaji ni mazungumzo na waliomo ndani ya nyumba: kaka zako wana mikono, vyombo vioshwe kwa zamu.

Yupo mwenye kazi ambayo kwa kweli haitaki wala haimfai: kozi aliyochaguliwa, ukatibu wa kamati ya harusi alioupokea kwa kuona haya. Hapo hatua ndogo ni kusema "samahani, siwezi" na kurudisha kitambaa cha watu kabla hakijanuka mfukoni.

Na yupo ambaye kila kitu kimekuwa kizito, hata kuoga, hata kula, wiki baada ya wiki, na yale aliyoyapenda hayamfurahishi tena. Hiyo inaweza kuwa sonona, na ni ugonjwa unaotibika. Nenda hospitali, mweleze daktari kama ambavyo ungemweleza homa. Ukiona mawazo ya kujidhuru yanakujia, usikae peke yako. Mwambie mtu aliye karibu leo hii.

Kazi ya leo

Wengine wote, chukueni karatasi. Andika kiporo kimoja, kimoja tu, usianze kuniorodheshea kumi na mbili. Chini yake andika kitendo cha mkono kisichozidi dakika kumi. Chini yake andika utakifanya baada ya nini na umekaa wapi. Halafu mtumie shahidi wako picha ya hiyo karatasi.

Ukishamaliza, kama hicho kitendo kinawezekana sasa hivi, kifanye kabla hujamwambia mtu yeyote kwamba umesoma makala nzuri. Bandu bandu huisha gogo, lakini shoka lazima liinuliwe mara ya kwanza.

Wiki ijayo nitawajibu mnaouliza namna ya kumdai rafiki hela bila kuvunja urafiki. Mna maswali mengi huko, naona mmekopeshana kweli.

Ni mimi, dada yenu.